Mapengo ya Saa Kumi

Uyole, Mbeya
Juni 1956

Dada yangu mpenzi Damari,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto wote wa nyumba hiyo ya Iringa. Natumaini tumbo la shemeji limetulia, na kwamba mguu wako umeacha kukusumbua tangu kipupwe kianze. Sisi huku tu wazima wa mwili. Viazi vimekubali. Pareto imechanua vizuri, ingawa bei tuliyotajiwa naitilia mashaka, kama unavyonijua. Mama mdogo anakusalimu na anauliza kwa nini hukumletea mchele wa Usangu ulipopita juzi. Nilimjibu kwamba ulipita kwa haraka. Akasema haraka ilikuwa yako, mchele haukuwa na haraka yoyote.

Najua umekwisha kusikia habari za Lusia kwa upande wa kwao Tosamaganga. Watakuwa wamekuambia kwamba baba mkwe amemfukuza. Si kweli, na tena ni kweli. Nakuomba usinihukumu katikati ya ukurasa. Soma mpaka mwisho, na uisome kwanza ukiwa peke yako. Nimempa barua hii mtu ninayemfahamu ailete mkononi mwako, maana sitaki ipite kwa watu wengi.

Mwanangu Gideoni alirudi likizo mwezi wa Machi. Alikuja na masanduku mawili ya mbao yaliyofungwa kwa uangalifu kuliko nguo zake mwenyewe. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na baromita, yaani mrija mrefu wa kioo wenye zebaki ndani. Alisema huu ndio mwaka wake wa mwisho kule Makerere, na kwamba kila mwanafunzi wa fizikia katika darasa lake anatakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe, auandike, na autetee mbele ya walimu wake. Nilimwuliza atatafiti nini. Akajibu, kwa sauti ile ya upole iliyorithiwa kwa mama yake, kwamba atapima uzito wa hewa.

Damari, mimi nimekuwa mwalimu, nimesoma kila gazeti lililofika mji huu, na nimejibizana na watu wakubwa kwa kalamu hadi wakanyamaza. Sikuzaliwa jana. Nilimwambia kwamba hakuna serikali duniani inayomsafirisha kijana wa Kiafrika na masanduku mawili ya zebaki ili akapime hewa. Nimesoma kwamba baromita ni chombo cha kupimia kimo cha nchi. Mwenye kujua kimo cha Usangu na kimo cha milima yetu anajua maji yatatiririka kwenda wapi. Na mwenye kujua hilo anajua mfereji upite wapi, na shamba la nani lichukuliwe. Nilimwuliza ni nani aliyemtuma.

Akacheka kidogo, akasema, "Baba, kimo cha hapa kilikwisha kupimwa zamani, kiko kwenye ramani. Mimi nataka kujua jambo jingine." Akanieleza kwamba hewa haitulii. Katika nchi za joto kama zetu uzito wake hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kama kifua cha mtu aliyelala. Alitaka kujua kama hewa ya tambarare na hewa ya milimani zinapumua pamoja na kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo baromita moja ingekaa Rujewa, kwa fundi wa mashine ya mpunga ambaye ni rafiki yake, na nyingine ingekaa hapa kwangu. Zote mbili zisomwe kwa saa zilezile. Na saa iliyo muhimu kuliko zote ni saa kumi alasiri, kwa sababu hapo ndipo hewa hushuka mpaka chini kabisa.

Maelezo yalikuwa mazuri. Uzuri wake ndio uliozidi kunitia shaka.

Alitafuta ukuta mnene usiopigwa na jua, akaona unaofaa ni wa stoo yangu ya pareto, ile iliyo nyuma ya nyumba yangu upande wa juu. Akapigilia chombo chake humo. Kisha akawa anashuka Rujewa kwa lori kila Jumatatu kwenda kusoma kile cha huko, na kurudi Jumamosi. Wiki ya kwanza ilipopita nilimwuliza ni nani anayesoma hiki cha hapa wakati yeye yuko bondeni.

"Mtu mwaminifu, baba."

"Ana jina?"

"Analo."

"Nani?"

"Baba, nikimaliza kazi nitakuambia."

Hebu niambie wewe, dada. Mtoto wako anaficha jina la mtu anayeingia stoo yako kila siku. Ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ni karani wa bomani. Nilikwisha kumchagua hata sura.

Nikaanza kuvizia. Alasiri zangu, kama unavyojua, ni za mikutano ya ushirika, na kila mtu hapa anajua kwamba Ezekia hatoki kikaoni kabla hajasema neno la mwisho. Sasa nikawa naondoka mapema bila kuaga, napita njia ya juu, natokea nyuma ya nyumba yangu kama mgambo. Mara ya kwanza nilikuta mlango wa stoo unachezacheza na ndani hakuna mtu. Mara ya pili nilikuta penseli chini, bado inabingirika. Siku nyingine nilisikia majani ya mahindi yakifunguka na kujifunga upande wa bondeni, nikakimbia, nisione kitu. Kila mara jasusi wangu alinitangulia kwa hatua chache tu, na kila mara nilirudi ndani nikiwa na hakika zaidi. Mtu asiye na hatia hakimbii.

Kitu kimoja sikukifikiria, nami naona aibu kukiandika. Wewe unajua kwamba mwanamume mwenye mkwe hatembei kimya nyumbani kwake. Akikaribia kona hukohoa, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kupisha wasionane. Tangu Gideoni aoe mimi nimekuwa nikikohoa kwenye kona ile miaka miwili mfululizo, mpaka koo langu limekariri. Basi nilikuwa nanyata kutoka njia ya juu, viatu mkononi, pumzi nimeibana, nikifika kona nakohoa.

Sikunyamaza, bila shaka. Nilimweleza Sedekia, na kumweleza Sedekia ni sawa na kupiga kengele ya kanisa. Haikupita wiki, watu wakawa wanasema mtoto wa Ezekia anapimia wazungu mashamba. Wengine wakasema wataivunja ile mirija na kuimwaga zebaki mtoni. Gideoni aliposikia, alikuja kwangu amekonda uso. Alisema kwamba vyombo vile si vyake, ni vya chuo, na kwamba kikivunjika kimoja tu, kazi yake imekwisha na shahada imekwenda nayo. Akaniomba niitishe watu Jumapili baada ya ibada, katika darasa la shule, awaeleze mwenyewe anachofanya na alichokipata. Nilikubali upesi sana. Nilitaka kumsikia akijikamata kwa kinywa chake.

Darasa lilijaa. Wanaume tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na wanawake walisimama nje madirishani. Gideoni alianza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alijaza maji bilauri, akaifunika kwa karatasi, akaigeuza juu chini, na maji hayakumwagika. Alisema kinachoyazuia ni hewa inayosukuma kutoka chini. Sedekia akapaza sauti kutoka nyuma, "Ezekia, umeuza ng'ombe wangapi ili mtoto ajifunze kunywesha maji dari?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akauliza kama hewa ina uzito, je, iliyo juu ya shamba lake ni yake, na anaweza kuiuza kwa debe. Gideoni alicheka pamoja nao, akawajibu mmoja mmoja, na nikaona kwamba watu wanaanza kumpenda. Nikaona vilevile kwamba nashindwa.

Kisha akachora ubaoni. Alichora mstari wa Rujewa, ukipanda na kushuka kama vilima, mara mbili kila siku, bila kukosa. Chini yake akachora mstari wa hapa kwetu. Nao ulipanda na kushuka, lakini kila baada ya siku mbili tatu ulikatika, ukaacha pengo, kisha ukaendelea. Na mapengo yote yalikuwa mahali pamoja, pale saa kumi, pale mstari unapofika chini.

Nilisimama. Unanijua nikisimama. Niliwaambia watu watazame mapengo yale kwa makini, kwa maana mimi nilikuwa na tarehe zake kichwani: zilikuwa ni siku nilizokwenda stoo. Nilisema kila nilipofika, mtu alitoroka. Nikamgeukia mwanangu nikasema, "Hapa umeeleza kila kitu isipokuwa kimoja. Nani alikuwa ndani? Mtaje mbele ya wazee hawa, au niseme wewe ni mpimaji wa watu wasiotutakia mema."

Gideoni alitazama chaki mkononi mwake. Nilirudia swali. Akasema taratibu kwamba hatamtaja. Pale mbele palikuwa na watu waliotaka kuinuka tayari, nami nilijua wanataka kuinukia nini, na sikuwazuia.

Hapo ndipo sauti ilipotoka dirishani, nyuma ya mgongo wangu.

"Baba, ni mimi niliyekuwa nasoma."

Damari, katika miaka miwili sikuwahi kuisikia sauti ile. Wewe ndiwe uliyemfundisha, kule Iringa, mwezi mzima kabla ya harusi: asinione, asipite nilipopita, asitaje jina langu, nisisikie anavyocheka. Watu walisema binti aliyesomea uuguzi kwa masista, anayejua kusoma kipimajoto cha mgonjwa, hatakubali mambo hayo. Yeye aliyashika kuliko mabinti waliozaliwa hapa hapa. Nilikuwa najisifu kwa ajili yake barazani. Sasa alikuwa anazungumza nami mbele ya kijiji kizima. Nilifanya kitu pekee ambacho mwili wangu ulijua kufanya. Nilivuta koti langu nikajifunika kichwa, nikasimama hivyo katikati ya darasa kama gunia.

Naye aliendelea. Alisema mume wake alimwomba asome kwa sababu yeye peke yake hapa anayejua kusoma chombo. Walichagua saa ambazo mimi huwa mikutanoni, kwa kuwa stoo iko upande wangu na hakupaswa kuwa huko. Akasema, "Ukikohoa, natoka. Siku ambazo mstari umekatika ni siku ulizokuja." Kisha akamwambia mumewe, kana kwamba hakuna mtu mwingine pale, "Andika hivyo hivyo. Usiwafiche walimu wako."

Sedekia akasema, "Basi jasusi amepatikana. Ndiye huyo aliyejifunika koti." Walicheka mpaka madawati yakalia. Mimi nilicheka nao ndani ya koti, kwa sauti, ili wasikie kwamba nacheka.

Asubuhi yake Lusia alipanda lori la kwenda Iringa. Gideoni alitaka kumfuata, ila likizo ilikuwa imekwisha na safari ya Kampala ni ndefu. Kabla ya kuondoka alinisomea kipande cha utafiti wake, tukiwa tumesimama, bila kukaa. Ameandika kwamba vipimo vingi vya saa kumi vimepotea kwa sababu msomaji, aliye mke wake, hakuruhusiwa na desturi kuonana na baba yake, na baba yake alikuja. Basi. Hakuweka neno kali hata moja. Nimeandikwa vibaya na wenye magazeti, dada, nami nikawajibu kwa kurasa. Sentensi ile nimeikariri tu.

Amesema pia kwamba bila saa kumi hana utafiti. Anaweza kusema hewa ya milimani inapanda, hawezi kusema inashuka kiasi gani, na hilo ndilo swali lenyewe. Mwalimu wake, alipoandikiwa, amemruhusu kuongeza vipimo vya mwezi huu na ujao vikitumwa kwa posta. Fundi wa Rujewa amekubali kumsomea vya huko. Baromita ya hapa ameiacha ukutani. Hakuniambia ni nani atakayeisoma, nami sikuuliza.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana haya hata Gideoni hayajui.

Watu wote hapa wanaamini Lusia aliondoka kwa aibu ya kuvunja mwiko. Wazee walikwisha kuanza kunong'ona juu ya faini. Lakini aliacha maneno kwa jirani yetu Yudith, na Yudith akaniletea akiwa ameangalia chini. Alisema, "Mwambie baba kwamba vile viatu vilisogezwa vikawekwa pasipo na mvua. Aliyevisogeza alijua ni vya nani."

Ni kweli. Alasiri ya mwisho ya kuvizia kwangu, siku tatu kabla ya mkutano, mvua ilianza kunyesha ghafla. Nilifika mlangoni nikakuta viatu viwili vyeupe vya raba, vile wanavyovaa wasichana wa hospitali. Aliviacha ili asiingize matope, na niliposikika alikimbia pekupeku. Hakuna viatu vingine vya namna ile huku kwetu. Nimeviona mara nyingi vikianikwa kwenye ua. Nilisimama nikavitazama, mvua ikivilowanisha. Kisha nikavisukuma kwa fimbo mpaka chini ya upenu, polepole, visichubuke, nikaenda zangu.

Kwa hiyo niliposimama darasani na kuuliza nani alikuwa ndani, nilikuwa najua. Nilijua kabisa. Nilikuwa nimekwisha kutangaza kuna jasusi, watu walikuwa wameniamini, na sikuweza kuvumilia kwamba hakuna. Nilifikiri Gideoni atanyamaza na binti atanyamaza, na mimi nitabaki na hoja yangu. Yeye alikuwa dirishani akinisikia nauliza jambo ambalo anajua ninalijua. Ndiyo maana alisema. Na ndiyo maana amekwenda. Hakuona haya kwa kuvunja desturi. Aliona desturi ile ile aliyoishika kwa ajili yangu nikiigeuza kuwa kichaka cha kujifichia.

Sasa ombi langu. Mimi siwezi kumwandikia mke wa mwanangu, na kwa Gideoni siwezi kupitia, maana itabidi nimwambie yote kabla hajafanya mtihani wake. Nenda Tosamaganga. Keti na baba yake, mzee Bartholomeo, na Lusia awepo. Waambie kwamba nilijua. Usilainishe neno hilo, na usiseme kaka yangu ana hasira za haraka, kama unavyopenda kunitetea. Sema alijua na akauliza. Ya faini nitayamaliza na wazee mimi mwenyewe, wala yeye hatadaiwa kitu. Sikuagizi umwambie kwamba mwiko umekwisha, kwa sababu si mimi peke yangu mwenye uwezo wa kuumaliza. Ila stoo nimekwisha kuifungulia mlango mwingine upande wa bondeni, upande wa wanawake, na njia yangu ya juu nimeiziba kwa miiba. Ufunguo wa mlango huo mpya uko kwa Yudith. Akirudi, mimi stoo sikanyagi tena.

Nasema "tena" kwa sababu lazima nikuambie na hili. Tangu Gideoni aondoke, anayesoma baromita ni mimi. Sikumwambia mtu. Sedekia akijua nitahama mji. Kila saa kumi naingia, nawasha taa, nasoma, naandika. Lakini siviamini vipimo vyangu hata kidogo. Nikijua hewa inatakiwa kushuka, naiona imeshuka. Macho yangu yamezoea kuona ninachotaka, na hilo nimelithibitisha mwaka huu kuliko mtu yeyote wa Mbeya.

Msalimie sana shemeji. Mpe pole kwa kuvumilia barua ndefu, maana najua utamsomea hata nikikukataza. Watoto wasome kwa bidii na wasilale na dirisha wazi. Mama mdogo amerudia habari ya mchele wakati nikiandika. Naona bora uulete. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane.

Mimi kaka yako akupendaye,

Ezekia

Nimesahau jambo. Lusia akikataa kurudi, sitamlaumu, wala usimbembeleze. Lakini kabla hujaaga, niulizie kitu kimoja kwake, unijibu kwa barua ya haraka. Zebaki ndani ya ule mrija haikai sawa kama maji. Katikati imevimba kidogo kama mgongo, na pembeni kwenye kioo imeshuka. Mwulize husomwa pale pembeni au juu ya mgongo. Mimi siku zote hizi nimekuwa nikisoma pembeni, na sina mtu mwingine wa kumwuliza.